Kifua cha Kuazima

Mume wangu walikuwa wanamwazima kama sufuria. Mtu anapiga hodi, anakaa ukingoni mwa kitanda maana kiti kilikuwa kimoja, anauliza habari za nyumbani, anasifia chai ambayo hata rangi haijakolea, halafu ndipo anasema, "Shemeji, gari la picha linakuja wiki ijayo. Tulikuwa tunamwomba bwana." Na mimi namjibu, "Mchukueni, ila mkimvunja mtanitafutia mwingine." Tunacheka. Akiondoka anaacha shati lake kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya mlango, na mimi nalijua la nani hata kabla ya kulitoa, kwa harufu tu.

Ngoja nieleze, maana mtu asiyetujua anaweza kudhani tulikuwa wendawazimu. Sisi tulitoka mbali, tukavuka mpaka kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha vigae. Mji wenyewe mji gani! Ni kiwanda, stendi, duka la dawa, kihospitali kimoja, na watu wanaokizunguka kiwanda. Tuliishi nyumba za kiwanda, safu ndefu za vyumba vya bati, mlango unatazamana na mlango, ukigombana na mumeo mchana jioni unaletewa ushauri. Wenyeji walituita wageni, na watoto waliozaliwa palepale nao wakaitwa wageni, tukazoea.

Wanaume wetu karibu wote waliwekwa kinuni, kile chumba cha kusagia mawe kabla hayajawa vigae. Mwenyeji humkuti kinuni, ng'o! Vumbi la kule si la kufagia likaisha. Ni laini kuliko unga wa ngano, linapita kwenye kitambaa cha puani, linaingia kifuani na halitoki tena. Mimi nilikuwa upande wa kupakia maboksi, mbali kabisa na kinu, na bado nikipenga kamasi jioni inatoka nyeupe.

Basi mara moja kila mwaka lilikuja gari la kupiga picha za vifua. Picha yako ikiwa safi, unaendelea na kazi. Ikionyesha vumbi, unatolewa siku hiyohiyo. Na kwetu kazi ndiyo kibali cha kukaa, na kibali ndicho chumba, kwa hiyo kuchafuka kifua kulikuwa na maana moja tu: wewe, mke na watoto mnafungasha. Kiwanda kilikuwa kinakupa kitu kimoja cha kukufariji, kitanda kwenye wodi yao pale getini, yenye mashine ya hewa, ukae hapo mpaka Mungu akuite. Nani alikitaka kitanda hicho? Tulikuwa tukipita pale tunageuza uso.

Akili ya kuazimana vifua ilitoka kwa Katibu. Huyu alikuwa katibu wa chama chetu cha wageni, mtu wa maneno mengi na shingo fupi, naye alikuwa kinuni kama wengine. Aliona kwamba karani wa gari la picha hatutazami usoni. Anasoma jina, mtu anaitika, anapanda, anavua shati, anabana pumzi, anashuka. Kwa yule karani sisi wote tulikuwa sura moja. Katibu akasema, "Kama kwao sisi ni mtu mmoja, basi na tuwe mtu mmoja."

Na mtu huyo akawa mume wangu. Alikuwa kinuni kabla ya wengi wao, na kila mwaka picha yake inatoka safi kama sahani ya mgeni. Hakuna aliyejua kwa nini. Mimi nilikuwa nasema Mungu alimnyima nywele akamlipa mapafu. Wakampa jina la Kifua, na mimi nikawa Mke wa Kifua, hata dukani.

Siku ya gari ilikuwa kama sinema. Mume wangu anapanda kwa jina lake, anashuka, anazunguka nyuma ya tangi la maji ambako wanaume wanamsubiri na mashati, anabadilisha, anavaa kofia, anarudi kwenye foleni kwa jina la mwingine. Shati la Katibu lilikuwa linamwishia kitovuni. La mume wa Mama Pacha, jirani yetu wa mlango wa pili, lilikuwa kubwa mpaka anaonekana kama amevaa pazia. Jioni mimi nafua mashati yote, nayaanika, na kila mwenye lake anakuja kulichukua amebeba chochote alichonacho, sukari, sabuni, maneno matamu. Tuliishi hivyo miaka. Sikuona aibu, na hata sasa sioni.

Halafu mume wangu akaanza kulala ameketi.

Mwanzo alisema mgongo. Nikamwekea mto. Baadaye nikaona hamalizi sentensi, anaanza kusema jambo, anapumzika katikati kama mtu anayepanda ngazi, analimalizia. Siku moja nikamuuliza, "Baba, una nini?" Akaniambia, "Mafua." Mafua ya miezi! Nikamwambia mimi si mtoto wa kudanganywa kwa pipi. Akacheka, na kicheko kikamgeukia kikohozi, akashika ukuta.

Gari lilipokaribia, wenzake wakaja kama kawaida na mifuko yao. Akawaambia mwenyewe, palepale mbele yangu, "Mwaka huu msinitumie. Nimechafuka." Mama Pacha, aliyekuja na shati la mumewe, alilirudisha kwapani taratibu kama mtu aliyeingia nyumba si yake. Katibu akamshika bega mume wangu akasema, "Uliyewabeba watu nawe utabebwa."

Wakamleta Mpishi. Huyu alikuwa ndugu wa mume wangu, mtoto wa mama yake mdogo, amekuja juzi tu, akapewa kazi kantini. Mnene, mcheshi, mwoga. Hajawahi kukanyaga kinuni, kifua chake kilikuwa kimeingiwa na moshi wa kuni na mvuke wa maharage basi. "Mimi na tumbo hili?" akauliza. Katibu akamjibu, "Picha haipigi tumbo."

Mimi niliwaambia, mume wangu apige picha yake mwenyewe. Achafuke, tutoke, tupate hicho kitanda na hewa yake, na mimi nitajua pa kukaa. Yeye akakataa. Alisema mwaka mmoja tu, mwaka mmoja aendelee na kazi, halafu tutarudi nyumbani kwa miguu yetu. Nilibishana naye mpaka nikaona kila jibu linamgharimu pumzi, nikaacha. Utashindanaje na mtu anayehema? Mpishi akapanda garini kwa ajili ya wote, na mume wangu akiwemo, na picha zote zikatoka safi.

Mwezi haukuisha. Walimleta nyumbani wamemlaza kwenye toroli la kubebea vigae, midomo imekuwa ya zambarau, macho yamemtoka. Sikulia. Nilimwambia Mpishi shika kule, tukaligeuza toroli hilohilo mpaka wodi ya getini.

Daktari wa kiwanda alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Alimsikiliza kifua kwa muda mrefu. Kisha akaenda kabatini, akatoa picha, akaiinua kwenye mwanga. "Picha yake ya juzi ni safi, mama," akasema. "Wodi hii ni ya waliochafuliwa na vumbi. Huyu ana ugonjwa wake mwingine. Mpeleke hospitali ya mji." Nikamwambia ampige nyingine. Akasema gari limeshaondoka, mpaka mwakani. Kupitia mlango nilikiona kitanda, kimetandikwa, mtungi wa hewa umesimama pembeni yake, hakuna mtu.

Hospitali ya mji walikuwa na mashine moja ya hewa na ilikuwa mbovu. Wakatupa vidonge. Tukarudi naye chumbani, nikamwegemeza ukutani kwa mito yangu na ya majirani, akawa anapumua kama mtu anayekimbia mlima, na mwenyewe amekaa tu.

Nikaamua nitasema. Nitakwenda kwa daktari nimwambie ile picha si yake, ni ya Mpishi, na za wote ni za Mpishi, na za miaka yote nyuma ni za mume wangu. Watufukuze. Watupakie kwenye lori kama viazi, ila kwanza wampe hewa. Nilimwambia Mpishi kwa sauti ya chini, lakini bati ni bati. Chai haijachemka, Katibu na Mama Pacha walikuwa mlangoni, na nyuma yao mlango mzima wa watu.

"Shemeji," akaanza Katibu, "tumesikia neno, tukasema hapana, huyu mama tunamjua."

"Mnanijua vizuri. Kesho asubuhi naenda."

"Ukisema, safu nzima inaondoka. Si mtu mmoja. Watoto wetu wako shule."

"Waume zenu wanapumua?" nikawauliza.

"Shemeji, sikiliza..."

"Nimeuliza, wanapumua? Huyu hapumui. Mnamwona? Ndiye aliyewavalia mashati yenu yanayonuka!"

Mama Pacha akapiga magoti. Sikutaka apige magoti. Huyu ndiye aliyekaa nami nilipopoteza mimba, akanifulia damu yangu bila kukunja uso. Akaniambia, "Mwenzangu, baba pacha naye anakohoa. Sijamwambia mtu. Wakimpiga picha yake ya kweli, mimi niende wapi na watoto wawili mgongoni? Nihurumie." Nilitamani anyanyue mkono anipige, ingekuwa rahisi. Nikamwambia, "Na mimi nani anihurumie?" Akalia, na mimi nikalia, tumeshikana mikono kama watu wanaopatana, na hatukupatana.

Katikati ya kelele hiyo mume wangu akainua kidole. Akanitazama mimi, akatikisa kichwa. Akasema, "Usi..." akavuta pumzi, "...waharibie." Watu wakaguna kwa shukrani. Katibu akafuta macho. Mimi nilimkasirikia mume wangu siku ile kuliko nilivyowahi kumkasirikia katika ndoa yetu yote. Mtu anakufa bado anaazimwa! Nikamwambia, "Wewe nyamaza, usipoteze pumzi kwa watu." Nikawafukuza wote, nikafunga mlango kwa komeo.

Asubuhi nilikwenda. Njia nzima watu walisimama milangoni na miswaki mdomoni, hakuna aliyenisalimu.

Daktari alikuwa anakunywa chai. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, bila kuficha jina la mtu, tangi la maji, mashati, kofia, Mpishi. Nikamwambia, sasa mpe mume wangu kitanda, kisha mtufanye mnavyotaka. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakushtuka. Akainuka, akafunga mlango, akatoa kabatini rundo la picha.

Akainua moja dirishani. "Unaona ubavu huu? Uliwahi kuvunjika zamani, ukaunga vibaya, umepinda." Mume wangu alianguka paani akiwa kijana, kabla hajanioa. Nilikuwa napitisha kidole hapo kila nikimkanda mgongo. Daktari akainua picha ya pili, ya tatu, nyingine na nyingine. Kila moja na jina lake, na ubavu ni uleule. "Wanaume wa safu zenu wote walikuwa na ubavu mmoja uliopinda," akasema. "Mwaka huu ukanyooka kwa wote siku moja. Nikajua mmebadilisha mtu."

Nikakaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa. "Ulijua?"

"Nilijua mimi, na walio juu yangu wanajua."

"Na hamkusema kitu?"

"Tuseme nini, mama? Picha safi zinamfaa kila mtu. Nyinyi mnabaki kazini. Kiwanda kinabaki na kabati lililojaa vifua safi. Akitokea mtu kudai kwamba vumbi limemuua ndugu yake, anaonyeshwa picha." Aliyasema kwa sauti ya kuchoka, si ya kujigamba, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Basi na iwe hivyo. Mpe mume wangu hewa. Kitanda kiko wazi, nimekiona."

"Nikimlaza pale, nimeandika kwamba ana vumbi. Nikiandika ana vumbi, hii picha ni ya nani? Na hizi nyingine ni za nani?" Akazirudisha kabatini moja moja. "Picha yake ni safi, mama. Pole sana."

Nilimtukana. Sitayarudia hapa niliyomwambia, lakini wagonjwa kwenye foleni walisikia, mlinzi akaja akanishika mkono, na mimi nikamtukana naye. Nikatolewa nje ya geti kama mwizi wa kuku.

Nyumbani mume wangu alikuwa macho. Aliniangalia nikivua viatu. Akauliza, "Umesema?" Nikamwambia nimesema. Akauliza kama wamekubali. Nikamjibu, "Wanatandika kitanda. Kesho watakuja kukuchukua." Akafumba macho, uso ukamlegea kidogo. Kisha akakumbuka. "Na wenzetu?"

"Wenzetu hawataguswa," nikamwambia, na hilo lilikuwa kweli.

Alinishika mkono mpaka alfajiri, kila pumzi akiitafuta kama mtu anayepapasa kiberiti gizani. Kulipokucha aliacha kuitafuta. Nilikaa naye mpaka mkono wake ulipopoa, ndipo nikafungua komeo.

Tulimzika kwenye kipande cha ardhi cha wageni nyuma ya stendi, kiwanda kikatoa lori. Watu walirudi kukaa kwangu, mikeka imetandikwa mpaka nje, wanawake wananikumbatia, na nikaanza kusikia maneno ya ajabu. "Umeumia kwa ajili yetu." "Mama wa siri." "Mwingine angetuuza." Sikuelewa. Nilichelewa kujua kwamba, kwa kuwa hakuna aliyefukuzwa, walidhani nilifika getini roho ikanisuta, nikarudi bila kusema. Mama Pacha aliniinamia sikioni akasema, "Baba pacha hatakusahau." Katibu akasimama kutoa shukrani za chama. Akasema marehemu alikuwa kifua chetu, na mkewe amethibitisha kuwa damu ni nzito kuliko maji.

Hapo nikashindwa. Nikasimama. "Katibu, kaa chini. Mimi nilisema."

"Ulisema nini?" akauliza.

"Nilisema yote. Majina yenu yote niliyataja, lako la kwanza. Na daktari alikuwa anajua tangu zamani. Wote wanajua. Wanaziona picha zinafanana ubavu kwa ubavu, wanazifungia kabatini. Mnadhani mnawadanganya? Mnawatengenezea ushahidi! Siku mkianza kufa mtaonyeshwa vifua vyenu safi, kama nilivyoonyeshwa mimi, na kile kitanda kitakaa kitupu hivyohivyo mkikiangalia." Nilingoja. Nilidhani watainuka, nilidhani wanaume watakwenda getini, wavunje japo kioo. Au wanipige mimi, kwa kuwataja. Lolote.

Katibu akanisogelea. "Daktari kasema mwenyewe? Kwamba wanajua, na hawana mpango wa kumwondoa mtu?"

"Ndiyo."

Akashusha pumzi ndefu, akajifuta jasho la shingo. "Jamani," akasema, "kumbe tulikuwa tunajificha bure."

Mama Pacha akashika kifua. "Asante Mungu," akasema, kwa sauti ndogo, na akaniangalia kama mtu anayeomba radhi huku anafurahi. Mwingine pale mlangoni akasema mwakani hata shati hakuna haja ya kubadilisha. Akacheka mtu mmoja, akajizuia, kisha wakacheka wengine, kicheko cha watu waliotua mzigo, msibani kwangu, udongo wa kaburi ungali kwenye viatu vyao. Sikuweza hata kuwatukana. Matusi yote nilikuwa nimeyamaliza kwa daktari.

Mpishi peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama na sinia la vikombe. Nikamwuliza ana nini. Akasema, "Shemeji, Jumatatu nahamia kinuni. Wamenipa nafasi yake."

Nilimpokonya sinia nikaliweka chini. Nikamshika ukosi wa shati kwa mikono miwili, mbele ya wote, nikamwambia arudi kwao leo, sasa hivi, na nguo alizovaa, kuna basi linaondoka jioni, mimi mwenyewe nitampeleka mpaka mlangoni.

Alinitazama, kisha akawatazama wale watu kwenye mikeka, mmoja baada ya mwingine, na wao wakawa wanamtazama yeye.

"Nikiondoka, shemeji," akasema, "hawa watapigiwa picha na nani?"